Sinia la Kura Ambalo Hatukuligusa

Uvira, chini ya lami

Kwa Yaya wangu Kisimba, kaka yangu mkubwa,

Amani ya Bwana iingie nyumbani kwako kabla ya karatasi hii. Sisi huku tunapumua kwa neema, watoto wanakula na kusoma, na mgongo wangu uliokuwa unanisumbua umetulia kidogo. Mguu wako je? Nimesikia umeanza tena kupandisha baiskeli mlimani kama kijana, nikasema huyu ndugu yangu hajapewa habari kwamba amezeeka. Na wifi Anyesi, mboga zake za lenga-lenga bado zinamea, au mbuzi wa jirani wamezimaliza? Mwambie namkumbuka kila nikichambua mboga.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu jambo hili haliingii katika simu. Simu inakata katikati ya neno, halafu katika kiwanja hiki mabati yana masikio. Mama Elisha, mwenzangu wa sala, anapanda mashua pale Kalundu kuja huko Kalemie kwa msiba wa mjomba wake, na amekubali kuibeba barua hii katika kikapu chake cha ndagala. Ikinuka samaki, msamehe. Unajua pia nilifika wapi darasani, kwa hiyo nisome kama unavyonisikia nikiongea.

Yaya, ulinitumia neno kwamba nifunge mizigo, unakuja kunichukua. Najua ni upendo. Shemeji yangu Baba Jeremi, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alikupigia akasema nimeivunja nyumba yao, sina tena mahali hapa, uje umchukue dada yako. Nakuomba usije. Nitakueleza tangu mwanzo, halafu utaamua mwenyewe kama una dada mbaya.

Kwanza ujue watu wanavyopiga kura hapa. Kartiye yetu, mtaa wetu huu, imekatwa na barabara ya lami. Chini ya lami ndiko tuliko sisi, watu wa ziwa: wavuvi, washona nyavu, wanawake wa kuanika ndagala. Juu ya lami, kuelekea mlima, wanakaa waliotoka Lemera, Katogota na Sange, watu wa mihogo na mchele. Tunasali pamoja, tunazikana, watoto wetu wanaoana. Lakini siku ya kura ile lami inakuwa mto usio na daraja. Chini wanampa mtoto wa ziwa, juu wanampa mtoto wa mlima. Mtu akishakuuliza unakaa avenyu gani, hana haja ya kukuuliza kura yako. Hata kwetu si ilikuwa hivyo? Watu wa reli na mtu wao, watu wa soko na mtu wao. Baba alikuwa anasema kura ni kama jina la ukoo, unazaliwa umekuta limeshatolewa.

Na katika nyumba hii niliyoolewa wana desturi yao. Neno kubwa likitaka kukatwa, kama kuuza mtumbwi au kuoza binti, mkubwa anawaita watu wote, na chungu kimoja kinapikwa. Anasema neno lake chakula kikiwa mbele. Mwenye kupinga apinge kabla ya kunawa. Ukishanawa na kutia tonge mdomoni umekubali, na hakuna kugeuka. Wanaume wanakula sinia lao barazani, wanawake wanakula lao upande wa jiko, lakini chungu ni kimoja na neno ni moja. Baba Riziki, Mungu amlaze pema, alinieleza hayo wiki ya kwanza ya ndoa yetu, akacheka: "Feza, hapa kwetu usile ovyo." Sikujua kama maneno hayo yatanisaidia yeye akiwa udongoni.

Kura nayo inakatwa kwa sinia. Wanaume wanasema wamechagua, na sisi tunaambiwa tumechagua.

Sasa mtu wetu wa ziwa, sitamtaja jina, ameshakuwa depite, mbunge wetu, mara mbili. Mara zote mbili alituahidi ukuta wa mawe wa kuzuia maji. Unakumbuka mwaka ziwa lilipopanda, nilipokuambia kwa simu kwamba samaki wanaogelea jikoni kwangu na wewe ukadhani natania. Sikuwa natania. Maji yaliingia polepole kama mgeni mwenye adabu, kisha yakakataa kuondoka. Tulivuka lami na magodoro kichwani, watoto mbele, Koko nyuma. Koko ndiye mama mkwe wangu, ndivyo wajukuu wanavyomwita na sisi sote tumefuata. Tukasimama pale juu hatujui pa kwenda.

Aliyetufungulia ni Mama Sifa, mwanamke anayeuza mchele wa Sange. Alitoa magunia yake nje, akayafunika kwa turubai, akatulaza sisi ndani ya depo. Mvua iliponyesha mchele wake wa pembeni ulilowa na kuota, wala hakusema kitu. Kitanda chake mwenyewe akampa Koko. Hakumuuliza mtu yeyote anakaa avenyu gani. Tulikaa kwake mpaka nyumba zilipokauka, na watoto wangu mpaka leo wakipita pale wanaingia kunywa maji kama kwa shangazi yao.

Mtu wetu wa ziwa naye alituma vikwembe, vitenge vyenye sura yake. Nashukuru, tulijifunika. Lakini chini ya kikwembe palikuwa bado pana maji.

Basi safari hii Mama Sifa akajiweka katika kura. Watu walicheka juu na chini. Juu walisema mwanamke hawezi, chini walisema mtu wa mlima hapiti huku. Mimi sikucheka. Nilianza kuomba.

Sisi mama wa sala tulikubaliana kufunga siku tatu kabla ya kura, kutoka asubuhi mpaka jua lizame, ili siku hiyo ipite bila damu. Wanawake wote wa kiwanja chetu tuliingia katika mfungo huo. Na ndipo shemeji alipokosea. Yeye kanisani ni mtu wa Pasaka na Noeli, anakaa karibu na mlango, na habari za mfungo hazifiki mlangoni. Akaita sinia lake siku ya tatu, mchana, jua likiwa utosini. Tukapika. Ndiyo, tulipika sisi wenyewe, bugali na samaki mukeke wa mawese, midomo imekauka.

Alisimama kati ya baraza na jiko, akasema kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi: "Hapa kwetu kura iko moja. Nimeshamupa mukubwa wetu wa ziwa neno yangu, avenyu yote iko yake. Mwenye iko na neno aseme sasa."

Nikasema: "Shemeki, nina ulizo. Ule ukuta wa mawe, tuliula katika sinia la kwanza ao la pili?"

Wanaume wengine walicheka, hata yule anayeshona nyavu zake. Baba Jeremi hakucheka. "Weye na maulizo yako," akasema. "Ndugu yangu alioa mwalimu bila kujua. Watu banawe."

Akageuka kula. Hakutazama upande wa jiko. Mtu wa namna hiyo, Yaya, anaangalia sinia lake tu, na likipungua anadhani dunia nzima imeshiba.

Sisi tuliliangalia sinia letu. Mama Jeremi, mke wake, aliniangalia mimi. Harufu ya mawese inapanda, tumbo linanguruma kama mota. Koko akasema taratibu: "Muite watoto. Wao hawana kadi ya kura." Watoto wakaja, na wa jirani wakaja, wakasafisha sinia mpaka likang'aa. Lilirudi kwa shemeji likiwa tupu, naye akaridhika. Hakuuliza nani amekula. Angeuliza, ningemjibu.

Kesho yake tukaenda shuleni kupiga kura. Nilimshika Koko mkono mpaka kwenye mlango wa biro, kile chumba cha kura. Hasomi, lakini mashini ina picha, unabonyeza sura nayo inatoa karatasi, na macho yake sura hayajaisahau. Aliingia peke yake. Alipotoka alikuwa ananyoosha kikwembe chake kama mtu aliyetoka kumsalimia mgonjwa. Sikumuuliza, hakuniuliza.

Kuhesabu kulipoanza, Baba Jeremi alisimama dirishani na wenzake. Karatasi inafunuliwa, inaonyeshwa, jina linasomwa kwa sauti. Mtu wa ziwa. Mtu wa ziwa. Mama Sifa. Hapo wakacheka: nani huyo amebonyeza vibaya? Mtu wa ziwa. Mama Sifa. Mama Sifa. Kicheko kikapungua. Mama Sifa. Mwishowe hakuna aliyecheka, na wanaume wakaanza kuangaliana, kila mmoja akifikiria jiko lake. Biro ile ni ya chini ya lami peke yake, Yaya. Hakuna mtu wa mlima anayepigia pale. Mtu wa ziwa aliongoza, ni kweli, lakini kwa hatua ya mtu mwenye mwiba, na kila mtu alijua mwiba umetoka wapi.

Mama Sifa hakupita. Kura zake za juu zilikuwa chache, maana huko nako wana masinia yao. Mtu wetu ndiye aliyepita, kwa nguvu za sehemu nyingine. Siku ya kupita na gari kushukuru watu, Baba Jeremi alivaa shati jeupe, akasimama kando ya lami pamoja na wapiga ngoma. Gari halikupunguza mwendo. Vumbi likaanguka juu ya shati lile. Nakuambia kweli, moyo uliniuma kumwona. Hakuna mtu anayestahili kudharauliwa namna hiyo, na hasa na mtu aliyempa avenyu nzima kama zawadi.

Lakini alirudi nyumbani, akatukusanya sisi wanawake, na hasira yake yote hakumpelekea mwenye gari.

"Mulikula chakula yangu, mukanigeuka," akasema.

"Shemeki, hatukula."

"Sinia ilirudi tupu. Nani alikula, mapepo?"

"Watoto," nikasema. "Sisi tulikuwa tunafunga. Ilikuwa siku ya tatu."

Akamgeukia mke wake. "Na weye?"

"Kufunga," akasema Mama Jeremi, macho chini.

Akamgeukia mke wa mpwa wake. "Kufunga." Akabaki mama yake mzazi. Alimwita kwa sauti ya mtoto: "Mama?"

Koko alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, minye meno yangu imebaki ya kuhesabu, lakini kufunga haiombe meno."

Mtu mmoja nyuma ya mabati alicheka, sijui nani. Ndipo shemeji akawaka. Akasema kila mmoja aape pale pale alimpa nani. Nikasimama, Yaya. Nikamwambia: "Bwana alitukataza kuapa. Na ile karatasi niliitia ndani ya sanduku mbele ya Mungu, si mbele yako. Yeye anajua. Weye hutajua."

"Weye hauko wa hapa," akasema. "Ulikuja na mashua, utarudi na mashua. Namuita kaka yako."

"Muite," nikasema. "Lakini kaburi la ndugu yako nalo litapanda mashua? Watoto wake nao? Minye nimezaa hapa, nimezika hapa. Nikikuwa mugeni, ni mugeni mwenye kujua jembe la kusafishia kaburi la ndugu yako liko wapi. Weye unajua?"

Akatoka. Ndiyo simu uliyopata.

Wewe ni damu yangu, kwa hiyo wewe nakuandikia kile ambacho yeye hatakipata. Nilimpa Mama Sifa. Akijiweka tena, nitampa tena. Watu wananiambia nimetupa kura yangu majini, nawajibu kwamba maji nayajua, yameshalala kitandani kwangu, na kura yangu haikwenda huko. Ilikwenda pale nilipoituma. Sijamchukia mtu wa ziwa. Akijenga ule ukuta, nitambebea mawe kichwani mimi mwenyewe na kuimba. Lakini kumpa kura kwa sababu sote tunanuka samaki, hapana, nimekataa.

Sikufichi kwamba kukataa huku kuna uzito wake. Baba Jeremi amewakataza watu wa mtumbwi wake kuniuzia ndagala. Naamka mapema natembea mpaka Kalundu kununua kwa mitumbwi ya wengine, halafu narudi na beseni kichwani nikipita mbele ya wake kwa waume wanaonong'ona. Kanisani kuna waliobadilisha benchi. Riziki wangu aliambiwa na wenzake shuleni kwamba mama yake ni mtu wa mlima. Alikuja kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia, mama yako ni mtu wa Kalemie, lakini tulipokosa pa kulala mlima ulitupokea, na mtoto mwenye akili haoni aibu kwa hilo. Akaenda kuwajibu, akarudi na kola imechanika. Nimeishona.

Kuna siku nililia, sitakudanganya. Nililia nikianika samaki, nikawaambia watu ni moshi. Na siku ile uliponitumia neno la kufunga mizigo, nililitoa kweli lile sanduku la marehemu, nikaweka nguo mbili. Nikapiga magoti ili niage. Maombi hayakutoka. Nikajua kwamba sijatumwa kwenda popote. Nikazirudisha nguo.

Kisha Jumamosi iliyopita nikafanya jambo. Nilimwendea Koko nikamwomba chungu kikubwa, kile cha maneno. Ni chake, alikuja nacho kama bibi harusi. Akasema, "Kipange vizuri juu ya mafiga, kina upande mubovu."

Nikapika mukeke wa mawese, sombe ya majani ya muhogo, na wali wa Sange pia, nilitaka wauone. Nikawaita wote, mchana, jua likiwa wazi. Wanaume walikuwa wametoka ziwani na njaa yao. Mpwa wa shemeji akauliza: "Hii ni neno ya nani? Mukubwa hajaita."

Koko akajibu kutoka kwenye mkeka wake: "Mukubwa wa hii nyumba ni nani, weye? Chungu iko yangu. Neno iko ya Feza. Nyamaza usikie."

Nikasimama mahali pale pale shemeji aliposimama, kati ya baraza na jiko. Nikasema: "Minye sirudi Kalemie. Nakaa hapa na watoto wangu, na kura yangu nitaitia mwenyewe mpaka nife. Mwenye kupinga, apinge mbele ya kunawa."

Mafuta yalikuwa bado yanatoa sauti chunguni. Halafu Koko akanyoosha mikono, Mama Jeremi akainuka na jagi la maji akammiminia. Kisha akajimiminia mwenyewe, mbele ya mume wake. Wanawake wakafuata. Upande wa baraza wale vijana wa mtumbwi waliangaliana, wakaliangalia sinia, na njaa ya ziwa si njaa ya kuifanyia siasa. Wakanawa. Wakala, Yaya. Walikula kwa sauti.

Baba Jeremi alikuwa amesimama mlangoni, wavu begani. Pua yake nzima ilikuwa ndani ya kile chungu. Nikamletea maji mimi mwenyewe, nikapiga goti kama inavyopasa, maana ni mkubwa wangu na sijamvunjia heshima hata siku moja.

"Shemeki, maji iko hapa. Karibu."

Akaangalia maji. Akaangalia mama yake anavyotafuna kwa meno yale yaliyobaki. Akasema: "Minye niko nafunga."

Watu walicheka mpaka Koko akapaliwa, tukampiga mgongoni. Yeye hakucheka, lakini niliona shavu lake linapigana na kitu. Akaweka wavu chini, akaenda kukaa kando ya maji peke yake.

Sasa wewe ni mtu wa kupima maneno, pima hili. Hakunawa, kwa hiyo hajakubali. Lakini pia hakupinga, na saa ya kupinga ilikuwa ile. Tangu siku hiyo kila nikipika anapita, ananusa, anasema bado anafunga. Mke wake anasema anaanza kukonda. Jana mmoja wa vijana wake aliniletea ndagala wa mtumbwi wao, akasema mkubwa hakumtuma, lakini hakumkataza pia. Nikanunua. Mimi ni mtu wa kufunga tangu ujana, na jambo moja nalijua kuhusu mfungo: una saa yake ya kufungua. Nitamngoja.

Kwa hiyo usije kunichukua. Mfikishie wifi Anyesi salamu zangu za moyo, umwambie ile mbegu ya sombe aliyonipa imeshika. Msalimie mdogo wetu wa mwisho pale gari la moshi linaposimama, na mwalimu wangu wa jumapili kama bado yuko hai, mwambie nafunga bado. Watoto wangu wanakusalimu mjomba wao, na Koko anasema anataka kuuona uso wa mtu aliyelea mwanamke mwenye kichwa kama changu.

Ukitaka kuja kusalimia, njoo. Njoo bila sanduku la kunibebea mizigo. Utatukuta chini ya lami, chungu kiko motoni. Lakini nakuonya mapema, ndugu yangu: ukishanawa mikono kwangu, umekubali.

Dada yako mdogo akupendaye katika Bwana,

Feza, Mama Riziki